Msaada wa Kompyuta kwa Mbali Unapogoma: Mwongozo Kamili kwa Walio Mwanza na Ng'ambo ya Ziwa

Kila ukoo una mtu wake wa kompyuta, na ukishajulikana kuwa ni wewe, simu haziishi. Mama mdogo yuko Nansio na printa yake imegoma. Kaka yuko Sengerema na fomu ya mkopo ya mwanawe haifunguki. Wewe uko Nyakato, kazini. Kupanda meli hadi Ukerewe kwa ajili ya printa ni kuchoma siku nzima na nauli, ndiyo maana programu za kushika kompyuta ya mwenzako kwa mbali zimekuwa mkombozi wa familia nyingi huku kwetu.

Tatizo huanza siku kompyuta mbili zinapokataa kuungana. Wengi hukimbilia kufuta programu na kuipakua upya, bando linakwisha, na hali inabaki ileile. Ninavyoona mimi, na ndivyo mwongozo huu ulivyojengwa, programu isiguswe kabla hujajua mawasiliano yamekatikia wapi: kwako, kwake, au katikati. Mara nyingi programu yenyewe haina kosa lolote.

Kinachotokea mnapoungana

Programu zinazotumika sana majumbani ni Quick Assist ya Windows, AnyDesk, TeamViewer, Chrome Remote Desktop na, kwa wanaopenda programu huria, RustDesk. Zote hufanya kazi kwa mtindo unaofanana. Kompyuta yako na ya mama mdogo kila moja iko nyuma ya ruta au nyuma ya mtandao wa simu, na hakuna inayoweza kuifikia nyingine moja kwa moja. Ni sawa na nyumba mbili zenye mageti yanayofunguliwa kwa ndani tu: aliye nje hawezi kuingia, ila wenye nyumba wote wawili wanaweza kutoka na kukutana mahali pa tatu. Mahali hapo pa tatu ni seva, yaani kompyuta kubwa ya kampuni yenye programu. Wakishakutana hapo, programu hujaribu kuwatafutia njia ya mkato baina yao. Ikishindikana, data yote inapita kwenye hiyo seva.

Seva hizo mara nyingi haziko Tanzania. Kwa hiyo mtu wa Igoma anapomsaidia mtu wa Buhongwa, mji mmoja, picha ya skrini inaweza kusafiri hadi Dar es Salaam, ikatoka nje ya nchi kwa nyaya za chini ya bahari, kisha ikarudi. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisumbua nchi nzima, na hakuna mipangilio ya kompyuta ambayo ingesaidia. Ukiona kila kitu kinasuasua kwako, kwake na kwa majirani, acha, subiri.

Remote Desktop ya Windows ni jambo jingine kabisa. Hiyo haina seva ya kukutania. Inataka kuifikia kompyuta moja kwa moja kupitia poti (mlango wa mawasiliano wenye namba) 3389. Isitoshe, Windows toleo la Home haikubali kuingiliwa kwa Remote Desktop. Lazima iwe Pro au zaidi. Kama umekuwa ukihangaika nayo kwenye laptopu ya nyumbani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `winver`, soma toleo. Ikisema Home, achana nayo na utumie Quick Assist.

Piga simu, lakini uangalie ni simu ipi

Kumsaidia mtu bila kuongea naye ni kazi ngumu, kwa hiyo lazima mpigiane. Hapa ndipo kuna mtego ambao sijaona ukielezwa vya kutosha, na huku kwetu unawanasa watu wengi kuliko yote mengine, kwa sababu intaneti ya nyumba nyingi ni hotspoti ya simu.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Ilikuwa imeandika inasubiri, halafu ikapotea yote."

"Ilipotea kabla sijapiga, au nilipopiga?"

"Ulipopiga tu, hata sijapokea vizuri."

Laptopu ya mama mdogo inakula intaneti ya simu ileile unayompigia. Simu nyingi, hasa za bei nafuu au za zamani, haziwezi kubeba mazungumzo juu ya 4G. Simu ikiingia, zinashuka hadi 3G au 2G ili zipokee. Zikiwa 3G, intaneti inapungua kasi. Zikiwa 2G, inasimama kabisa mpaka mkate. Na simu ya laini mbili inaweza kusimamisha intaneti ya laini moja wakati unaongea kwenye nyingine, hata kama ni za mitandao tofauti. Kila ukimpigia kuuliza namba, wewe mwenyewe ndiye unayekata muunganiko.

Dawa yake ni kuazima simu nyingine: ya mtoto, ya jirani, hata kiswaswadu. Mazungumzo yapite huko, simu yenye hotspoti iachwe itulie. Kama hakuna simu ya pili, ongeeni kwa WhatsApp, maana hiyo hupita kwenye intaneti na haiishushi simu kutoka 4G, ingawa italigawana bando na kazi mnayofanya. Na kama simu yake ina chaguo la VoLTE, yaani kupiga simu juu ya 4G, kwenye mipangilio ya laini na mtandao wake unaliruhusu, liwashwe.

Mkishapata njia ya kuongea, ombi la kwanza liwe hili: "Nisomee kilichoandikwa kwenye skrini, neno kwa neno." Usikubali "imeandika kaujumbe fulani hivi". Kama Kiingereza kinamsumbua, akutajie herufi mojamoja, au apige picha ya skrini kwa simu ya pili akutumie. Msubiri amalize. Mtu mzima akiharakishwa atabonyeza chochote ili akuridhishe, na hapo mtakuwa na matatizo mawili.

Tafuta palipokatika

Fanyeni vipimo hivi kwa mpangilio huu, pande zote mbili. Na wewe msaidizi ujipime. Usidhani kosa liko kijijini.

1. Fungueni tovuti ambayo hamjaifungua leo. Ukurasa wa zamani unaweza kuonekana hata bila intaneti kwa sababu kivinjari kiliuhifadhi, kwa hiyo usiuamini. Angalieni salio la bando hapohapo.

2. Bonyeza Windows pamoja na R, andika `cmd`, kisha Enter. Kwenye dirisha jeusi andika `ipconfig` na utafute mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta au simu yenye hotspoti, mara nyingi 192.168 na namba mbili mbele yake. Andika `ping`, amri inayotuma ujumbe mfupi na kusubiri jibu, ikifuatiwa na hiyo anwani. Majibu yakikosekana au yakirukaruka hapa, shida iko ndani ya nyumba, kati ya kompyuta na ruta. Ukuta, umbali au waya. Ingawa ruta chache zimezimwa zisijibu `ping`, kwa hiyo kama tovuti inafunguka vizuri, endelea.

3. Sasa pima nje:

`ping -n 30 8.8.8.8`

Utaona mistari ya majibu, kila mmoja na muda wake kwa milisekunde. Chini ya 150 ni safi kwa kazi hii. Ikipita 300 utavumilia, mausi itakuwa inachelewa nyuma ya mkono wako. Lakini muda si kitu kikubwa kama mistari ya "Request timed out". Ikiwa kati ya mistari 30 kuna minne au mitano ya aina hiyo, muunganiko utakatika kila mara hata kama kasi ya kupakua ni kubwa. Programu hizi huchukia data inayopotea kuliko data inayochelewa.

4. Andika `ping google.com`. Kama 8.8.8.8 ilijibu lakini hapa unaambiwa "could not find host", intaneti ipo ila kompyuta haijui kutafsiri majina kuwa anwani. Andika `ipconfig /flushdns`, jaribu tena. Bado? Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, weka DNS (huduma inayotafsiri majina hayo) kwa mkono: 8.8.8.8 na 1.1.1.1.

5. Badilisha mtandao wa upande mmoja. Kama unatumia ruta ya ofisini, hamia hotspoti ya simu yako. Kama mama mdogo yuko kwenye laini moja, ahamie laini ya mtandao mwingine. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Mkiungana baada ya kuhama, basi mtandao wa kwanza ndio uliozuia, na hakuna haja ya kugusa programu. Ofisi na vyuo vingi huzuia programu hizi makusudi. TeamViewer hupendelea poti 5938, AnyDesk hutumia 80, 443 au 6568, na Quick Assist hupita 443, poti ileile ya tovuti salama, ndiyo maana hupenya mahali ambapo nyingine zimekwama.

Kama kuna VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) iliyoachwa inafanya kazi upande wowote, izimwe kabla ya kipimo cha tano, la sivyo matokeo yatakudanganya.

Tarehe na saa

Hili nalitenga kwa sababu halimjii mtu akilini. Kompyuta za mezani za zamani zina betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa umeme usipokuwepo. Ikifa, kila umeme unapokatika kompyuta inaamka ikiamini ni mwaka mwingine wa nyuma kabisa. Tovuti salama na programu za msaada hukagua vyeti vya usalama vyenye tarehe. Kompyuta inayodhani tuko miaka kumi iliyopita itavikataa vyote. Mtumiaji anaona intaneti "ipo" lakini hakuna kinachofunguka, au Quick Assist inazunguka tu bila kusema kosa.

Mwambie akusomee tarehe, na mwaka pia, iliyo pembeni chini kulia. Kama si sahihi: Settings, Time & language, Date & time, awashe saa ya kujipanga yenyewe, na eneo la saa liwe lile lililoandikwa Nairobi, ambalo ndilo saa zetu. Kisha akanunue betri hiyo. Zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta na hata kwa mafundi saa mjini.

Vipimo vimepita, bado namba inakataa

Sasa ndipo tunaifikia programu. Kwenye Quick Assist, wote wawili mnabonyeza Ctrl, Windows na Q kwa pamoja. Wewe msaidizi unachagua "Help someone" na lazima uingie na akaunti ya Microsoft; anayesaidiwa hahitaji akaunti. Unapata msimbo unaodumu dakika 10 tu. Ukiupata kisha ukapiga simu, mkasalimiana, mkaulizana habari za nyumbani, ukifika kuutaja umeshakufa. Salamu zitangulie, msimbo ufuate. Kwenye Chrome Remote Desktop ni kinyume: anayesaidiwa ndiye anayetoa msimbo, wa tarakimu 12, nao hudumu dakika 5.

Kutajiana kwenyewe kunaleta makosa. Tarakimu 12 zikitajwa mfululizo kwenye simu yenye mikwaruzo lazima moja ipotee. Taja tatutatu, mwenzako arudie kila kundi kabla ya kuendelea. Kwenye AnyDesk, namba ya kompyuta ni tarakimu 9 au 10 na haibadilikibadiliki, kwa hiyo ihifadhi mara moja.

Kama Quick Assist haifunguki kabisa, huenda ni toleo la zamani. Tangu 2022 programu hii hupatikana kupitia Microsoft Store, na ambao wameiwekea waifai yao alama ya mtandao wa kupimwa ("metered") ili kuokoa bando hawapati masasisho ya Store wenyewe. Aifungue Store, aisasishe kwa mkono, basi.

Antivairasi ya kununua inaweza pia kuzuia. Usimwambie aizime yote. Aingie ndani yake airuhusu programu husika. TeamViewer ya bure nayo ni ya matumizi binafsi tu, na ikihisi unafanya biashara itaanza kukata vikao baada ya muda mfupi. Fundi anayelipwa anunue leseni au ahamie kwingine.

Mmeungana, lakini skrini ni nyeusi au mausi haitii

Quick Assist huanza kwa kukuonyesha skrini tu. Ili ushike mausi, unabonyeza kitufe cha kuomba udhibiti, na yeye anabonyeza "Allow". Wengi hawaoni ombi hilo kwa sababu limejificha nyuma ya dirisha jingine. Mwambie apunguze madirisha yote.

Skrini ikiwa nyeusi ghafla katikati ya kazi, hasa ulipojaribu kuweka programu au kubadilisha mipangilio, usikate. Windows imemtolea swali la ruhusa kwenye skrini maalumu ambayo wewe huruhusiwi kuiona. Muulize anaona nini. Atakuambia kuna dirisha lenye Yes na No. Asome jina la programu iliyotajwa, ukithibitisha kuwa ndiyo, abonyeze Yes, na picha itarudi. Kama dirisha linataka nenosiri la msimamizi, na kompyuta iliwekwa na kijana wa duka ambaye hakumwachia nenosiri, hapo kazi imekwama kweli. Ulizeni hilo kabla ya kuanza. Kwenye AnyDesk isiyosakinishwa, kuna chaguo la kuomba ruhusa ya juu zaidi, nalo linahitaji Yes ya mwenye kompyuta.

Usikubali ushauri wa kuizima kabisa hiyo skrini ya ruhusa ili kurahisisha. Ndiyo inayomlinda ukiwa haupo.

Inaungana na kukatika

Kwa wakaao Mabatini, Igogo, Bugando na kote ambako nyumba zimepanda katikati ya mawe, tazama mawe kabla ya kulaumu mtandao. Mwamba mkubwa wa matale ukikaa kati ya nyumba na mnara, mawimbi hayapiti. Yanafika kwa kuzunguka, na hatua mbili ndani ya chumba zinaweza kubadilisha kila kitu. Sogeza simu au ruta dirishani, upande ulio wazi, urudie `ping -n 30` kila unapoisogeza mpaka upate mahali pasipopoteza data. Kisha unganisha simu na laptopu kwa waya wa USB badala ya waifai, ukiwasha chaguo la kugawa intaneti kwa USB. Unapata muunganiko uliotulia na simu inachajiwa hapohapo. Ruta yenye masafa mawili, chagua 2.4 GHz kama kuna kuta kati. 5 GHz ina kasi lakini ukuta wa tofali unaipunguza nguvu haraka.

Umeme ukikatika, laptopu itaendelea na betri yake, ruta itazima, na wewe utaona tu kuwa mwenzako amepotea. Hakikisheni hotspoti ya simu iko tayari kama akiba. Kompyuta pia isiachwe ilale: Settings, System, Power, muda wa kulala uongezwe kabla hamjaanza kazi ndefu.

Na ziwa lina radi. Wingu likianza kujenga, usianzishe jambo lisiloweza kukatishwa, kama kusasisha Windows. Mwambie achomoe ruta na kompyuta ukutani, muendelee kesho.

Kama haikatiki bali ni nzito tu, kwenye mipangilio ya picha chagua kasi badala ya ubora, ondoa picha ya mandhari, na usimamishe masasisho ya Windows na OneDrive kwenye kompyuta yake hadi mmalize.

Kabla hamjaagana

Njia hii hii ndiyo matapeli wanayoipenda. Mtu anapiga, anajitambulisha kuwa wa benki au wa mtandao wa simu, anaomba upakue AnyDesk umtajie namba. Dakika chache baadaye yuko ndani. Wafundishe wazee wako kwamba msaada ni pale wao walipokupigia wewe, na kwamba mgeni anayepiga akitaka kuingia kwenye kompyuta anakatiwa simu. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ina namba 15040 ya kuripoti jumbe za utapeli. Na wewe msaidizi, akitakiwa kuingiza namba ya siri ya benki au ya pesa za simu, acha udhibiti na umwache aingize mwenyewe kikao kikiwa kimefungwa.

Mkimaliza, fungeni kikao kwa kitufe chake, si kwa kufunika laptopu. Kama ulikuwa umeweka nenosiri la kuingia bila yeye kukubali, liondoe kwenye sehemu ya usalama ya AnyDesk, au zima uingiaji wa mbali kwenye Chrome Remote Desktop, isipokuwa kama mmekubaliana libaki.

Halafu mwambie achukue kalamu. Kwenye karatasi itakayobandikwa pembeni ya skrini aandike programu mnayotumia, namba ya AnyDesk kama ipo, mtandao uliofanya kazi vizuri, mahali pa kuweka simu, na namba ya simu ya pili ya kuongelea. Nenosiri lolote lisiandikwe hapo.